Kiti Kisichokaliwa

Kitabu kinanuka uunsi. Nimekinusa asubuhi, nimekinusa baada ya adhuhuri, na kabla sijaanza kuandika haya nimekifungua katikati nikaingiza pua kama mtu aliyedondosha kitu humo. Karatasi zimegeuka manjano na mende wamelila jalada pembeni, lakini harufu haijatoka. Uunsi ni ubani wetu wa kupikwa kwa sukari na marashi. Ayeeyo, mama mzazi wa baba yangu, aliupika mwenyewe kwenye sufuria nyeusi na kuufukiza kila jioni kabla ya magharibi. Siku ya saba baada ya mazishi yake mama alifungua sanduku lake la bati. Akatoa shuka, akatoa tasbihi, akatoa mitandio ambayo Ayeeyo hakuwahi kuivaa, na chini kabisa, ndani ya kipande cha gauni kuukuu, akatoa kitabu. Akaniuliza ni cha nini. Miaka yote hiyo nilikuwa na hakika kwamba Ayeeyo alikichoma moto, na kwamba alikichoma kwa sababu yangu.

Wenzangu wa rika langu mliosoma Garissa siku zile mtakumbuka walimu walivyokuwa wakiondoka kwa kuogopa mashambulizi. Leo mwalimu yuko ubaoni, kesho kuna chaki tu. Walikuwa wametoka ng'ambo ya daraja la mto, na ng'ambo ya daraja sisi tulipaita Kenya. Mtu akienda Thika au Nairobi tulisema amekwenda Kenya, na akirudi tulimuuliza Kenya wazima, kana kwamba sisi tumebaki mahali ambapo bado hapajapewa jina. Mwalimu wa Kiingereza wa kaka yangu Yusuf alipopakia godoro lake na jiko lake la gesi, gari halikuwa na nafasi ya vitabu. Akampa Yusuf kimoja, akamwambia akisome mpaka mwisho, kisha akavuka.

Ilikuwa riwaya ya zamani ya Kizungu, mashuhuri sana. Sitataja jina lake. Nimegundua kwamba ukilitaja watu huacha kukusikiliza na kuanza kukuambia wao wanavyoiona. Inahusu nchi ambayo serikali yake inataka kuwa katika kila nyumba, na kwa kuwa haiwezi kutuma mtu kila nyumba, inatoa amri kwamba kila meza ya chakula iwe na kiti kimoja kitupu. Kiti cha serikali. Kifutwe vumbi, kiwekewe sahani safi, na asikikalie mtu. Hakuna anayejua kama kuna siku serikali itakuja kuketi. Lakini watu wakila wanakitazama, na kidogo kidogo wanaacha kuzungumza. Mhusika mkuu ni mkaguzi: anazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia kama kiti kimekaliwa.

Yusuf alitusomea barazani, nyumbani kwetu Waberi, kila siku baada ya alasiri jua lilipolegea. Alisoma ukurasa kimya kimya huku midomo ikicheza, kisha akausimulia kwa Kisomali, ndiyo maana maneno mengi ninayoyaandika hapa hayakusemwa kwa Kiswahili. Alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi. Ayeeyo, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alikaa mkekani akifukiza vibuyu vyake kwa kijiti cha moto ili maziwa ya kesho yasiharibike. Mama Ifrah, jirani yetu, aliyetoka Mandera na kuuza nguo zilizovushwa mpakani, alikuja na chupa yake ya chai. Mama yangu alikuwa Mandera vilevile wiki zile, akimuuguza dada yake, na baba alikuwa dereva wa malori ya mifugo, mtu tuliyemjua zaidi kwa simu. Hao ndio waliokuwa wasomaji: wanawake wawili wasiojua kusoma, na mimi.

Nimefikiria sana jinsi kila mmoja alivyokisikia kitabu kile. Mama Ifrah tangu siku ya kwanza alimuuliza Yusuf kama aliyekiandika aliwahi kukaa Mandera. Yusuf akamwambia aliyekiandika ni Mzungu na amekufa zamani. Mama Ifrah akasema basi lazima alikuwa na jirani wa Mandera, maana mambo ya kukaa na watoto wako ndani huku mnasubiri buti mlangoni hayatungwi na mtu aliyelala vizuri. Kuanzia hapo, kila tulipofika kwenye kiti, aliinuka akaenda kufunga lango, kisha akasema, "Punguza sauti, Yusuf." Yusuf alicheka. Alimwambia ni hadithi tu. "Najua ni hadithi," alijibu. "Punguza sauti."

Ayeeyo naye alimkatiza kwa sababu nyingine kabisa. Aliposikia habari za kiti kitupu na sahani safi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hao ni watu wenye adabu. Kwetu chakula kilipakuliwa katika sinia moja, na kwa amri yake upande wa sinia ulioelekea mlangoni haukuguswa mpaka mwisho. Ulikuwa upande wa mgeni. Mgeni hapigi simu, alisema, na aibu ya kumkuta mgeni mlangoni huku vidole vyako vimeshafuta sinia haifutiki kwa miaka saba. Kwa hiyo akaona nchi ile inatenda kama sisi, ila wao wanakula mezani. Yusuf akamweleza kwa uvumilivu kwamba mgeni mwenyewe ni serikali. Ayeeyo akageuza kibuyu, akakipuliza.

"Sasa serikali si mtu? Ikija ipewe maji kwanza. Maneno baadaye."

Mama Ifrah alicheka mpaka chai ikampalia.

Mimi nilimwamini Ayeeyo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kama ni kosa. Kwa siku nyingi nilidhani ni hadithi ya ukarimu, na nilimsubiri yule mgeni afike. Kila tulipokula nilitazama upande wa mlangoni wa sinia nikajiuliza atakuwa na sura gani. Kisha tukafika sura ambayo mkaguzi anarudi nyumbani kwake. Ana binti wa umri wangu. Binti amechoka kusimama kando ya meza akisubiri watu wazima wamalize, na siku hiyo, bila nia mbaya, anapanda juu ya kile kiti na kukaa. Hakuna linalotokea. Lakini kesho yake watu wawili wapole wanakuja shuleni kwake, wanampa kitu kitamu, wanamwambia kwa kuwa ameketi kwenye kiti cha serikali sasa yeye ni mtu wa serikali, na wanamuuliza baba yako husema nini mkila. Naye, kwa kuwa ni mtoto mzuri aliyefundishwa kusema ukweli, anasema ukweli. Baba harudi tena.

Yusuf alifunga kitabu hapo kwa sababu jua lilikuwa limeingia. Akaikunja pembe ya ukurasa. Mimi nilikwenda kulala nikiwa nimejifunza jambo moja tu, na nilijifunza kama mtoto anavyojifunza moto: ukiulizwa na mtu mpole kuhusu mtu wa nyumbani kwako, ukweli unaua.

Sasa niseme Yusuf alikuwa anangoja nini. Alikuwa amepata barua ya kuitwa chuo kikuu, ng'ambo, Kenya. Barua ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya kalenda. Lakini ili uvuke daraja unashushwa kwenye kizuizi na kuonyesha kitambulisho, na yeye hakuwa nacho. Ili upate kitambulisho kwetu unapigwa msasa: unasimama mbele ya wazee na maofisa kwa chifu, unataja mababu zako mmoja baada ya mwingine, na wazee wanathibitisha kama wanakujua. Mababu Yusuf aliwajua hadi wa kumi na tisa. Tatizo lilikuwa jingine. Alipokuwa mdogo, kabla mimi sijazaliwa, ukame uliua ng'ombe wetu wote, na mama akampeleka Dadaab akajiandikisha pamoja naye katika kambi ya wakimbizi ili wapate unga na mafuta. Familia nyingi za hapa zilifanya hivyo, Wakenya waliojiita wakimbizi kwa sababu ya njaa. Kule walichukuliwa alama za vidole. Watoto wa unga ule walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine iliwaambia maofisa kwamba hawa ni wageni.

Ayeeyo alikuwa ameshapanga. Alimfuata mzee mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa akikaa kwenye kikao, akamwambia ukweli wote, na mzee akakubali kumshuhudia Yusuf mradi asimwaibishe. Usiku wa kuamkia kikao Ayeeyo alimwambia Yusuf mara tatu, nami nikisikia, "Wakikuuliza Dadaab, sema tulikwenda kwa njaa. Njaa si aibu."

Nilisikia. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kujitetea moyoni kwamba sikuelewa. Nilielewa. Ila nilidhani Ayeeyo hajakielewa kitabu.

Nilikwenda nao kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Uwanja wa chifu ulijaa vijana waliovaa mashati ya kuazima, yenye mikunjo ya pasi mabegani, wakinong'ona majina ya mababu zao kama watu wanaokaririshana kabla ya mtihani. Tulikaa kivulini. Jina la Yusuf lilikuwa bado mbali wakati ofisa mmoja, mtu mnene wa ng'ambo mwenye leso shingoni, alipotoka mlango wa nyuma kunyoosha miguu. Akatuona. Akamsalimu Ayeeyo kwa heshima, akaniuliza mimi jina. Nilipomjibu kwa Kiswahili alifurahi, akamwomba Ayeeyo ruhusa aniulize jambo moja au mawili, kwa sababu, alisema, watu wazima wa hapa wanamchosha. Ayeeyo hakuelewa Kiswahili sana. Aliona tabasamu, akanisukuma mgongoni niende.

Ofisi ilikuwa na meza, faili zilizofungwa kwa kamba, na mbele ya meza kiti kimoja cha plastiki cha rangi ya buluu, mkono wake wa kushoto umepasuka. Kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimefutwa vumbi.

"Kaa," akasema.

"Nasimama."

"Si ukae tu, mtoto. Umetembea jua."

"Nasimama."

Alicheka, akafungua droo akatoa biskuti, akaiweka ukingoni mwa meza upande wangu. Kitu kitamu. Nawaapia mate yalinijaa, nikaificha mikono mgongoni. Akaniuliza niko darasa la ngapi, nikamwambia. Akaniuliza yule kijana wa shati jeupe ni nani yangu, nikamwambia kaka yangu wa tumbo moja. Kisha, bila hata kuniangalia, huku akitafuta kalamu, akauliza kama huyo kaka alishawahi kukaa Dadaab.

"Hapana," nikasema. "Sisi hajaenda Dadaab. Hata siku moja. Sisi hapana jua Dadaab."

Akaniangalia. Sijui aliona nini. Akaandika kitu kifupi, akaniambia nichukue biskuti. Niliiacha pale pale, nikatoka nje nikiwa na furaha ambayo mpaka leo naionea aibu. Nilikuwa nimemshinda yule msichana wa kitabuni. Nilikuwa nimemwokoa wangu.

Yusuf aliitwa karibu na adhuhuri. Alikaa ndani muda mfupi kuliko wenzake. Alipotoka hakutuangalia, na yule mzee wa ukoo wetu alitoka nyuma yake akampita Ayeeyo bila salamu, jambo ambalo kwetu ni kama kupigwa kofi. Habari tulizipata kwa vipande siku zilizofuata: alama za vidole zimepatikana kwenye orodha ya kambi, maneno hayalingani, mzee amesema hatamshuhudia tena. Nililishika hilo la katikati. Maneno hayalingani. Maneno yangu na ya Yusuf, nilijua hivyo mara moja. Yeye alisema ukweli kama alivyofundishwa, mimi nilikuwa nimeshasema uongo, na wazee wakaona nyumba nzima ni ya waongo.

Niliugua homa. Au niliamua kuugua, siku hizi siwezi kutofautisha. Siku ya tatu Ayeeyo aliniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nikamweleza yote: kiti, biskuti, yule msichana, nilichosema. Nilitarajia anipige. Alikigeuza kitambaa upande wa baridi, kisha akaniita hooyo, yaani mama, kama watu wazima wa kwetu wanavyowaita watoto wakiwahurumia.

"Hooyo, usimwambie mtu. Hata Yusuf. Umesikia? Maneno hayo yameishia kwangu."

Akainuka, akaenda barazani, akachukua kitabu kilipokuwa, juu ya dirisha. Nilimwona akipita nacho kuingia chumbani kwake. Baada ya muda moshi ukatoka chini ya pazia la mlango wake, mwingi, mzito, na mimi kitandani nikahesabu kurasa zikiungua. Leo ninajua ulikuwa moshi wa uunsi tu, wa jioni kama jioni nyingine zote. Labda aliuongeza kidogo ili kufukuza alichodhani kimetuingilia. Lakini pua ya mtoto mwenye hatia hunusa inachokitaka.

Barua ilikaa ukutani mpaka muhula ulipoanza bila Yusuf. Siku moja ikawa haipo, na kalenda ikasogezwa kuziba mahali pake. Yusuf alijifunza kuendesha, akapata kazi ya lori la maji huko Dadaab, akawapelekea maji watu ambao mashine ilisema ni ndugu zake. Alifanya mzaha huohuo kila alipokuja nyumbani. Mimi sikuwahi kuucheka. Hakunisomea kitu tena, wala hakuuliza kitabu kiko wapi.

Kitambulisho changu kilitoka bila shida. Mimi nilizaliwa baada ya unga. Nilivuka daraja nikasoma miaka minne ng'ambo, na mwaka wa pili riwaya ile ile ikawekwa kwenye orodha ya somo. Nilikaa darasani nikiwasikiliza wenzangu. Mmoja alisema hii ni serikali yetu kabisa. Mwingine akasema hapana, ni serikali iliyopita. Msichana mmoja alisema ni baba yake, tukacheka. Mwingine alibandika picha ya kiti kitupu mtandaoni kila mwanasiasa aliyemchukia alipohutubia. Kila mtu alimkuta adui wake humo, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kwao. Hakuna aliyesema, nilipofika kwenye kile kiti nilijiona mimi. Nilitaka kunyoosha mkono niwaambie kwamba mimi nilikikataa kiti, nilisimama wima, na bado. Lakini ningemalizia vipi hiyo sentensi? Sikukifungua kitabu. Nilisoma mihtasari ya wenzangu nikapita mtihani vizuri, na hilo nalo nimeliongeza kwenye orodha ya mambo yanayonikosesha usingizi.

Sasa nimerudi Waberi. Natuma maombi ya kazi kwa simu, nasoma kila barua pepe mara tano kabla ya kuituma na mara kumi baada ya kuituma. Nikisikia kwamba mtu "atanipigia" nakaa nikichambua sauti yake. Mama husema chuo kimeniharibu. Sidhani ni chuo. Nadhani mtu aliyewahi, akiwa na miaka kumi, kusema maneno machache ofisini na kuona maisha ya mtu mwingine yakigeuka, hawezi tena kuamini kwamba kuna maneno madogo. Na kuna wazo jingine baya zaidi, linalonijia hasa nikiwa naosha vyombo: kwamba Ayeeyo aliponiambia nisimwambie mtu, nyumba yetu nayo ikapata kiti chake. Tulikula sinia moja miaka kumi na mitatu, na kuna jambo lilikaa nasi pale ambalo hakuna aliyelitazama.

Yusuf alikuja Ijumaa iliyopita. Ana kitambulisho sasa. Hatimaye jina lake liliondolewa kwenye ile orodha, mwaka jana, akiwa na mke na watoto wawili, na alipoletewa kadi aliigeuza mbele na nyuma akauliza kama inafungua chupa. Mama alipika wali na mbuzi. Tulikaa mkekani watatu, upande wa mlangoni wa sinia ukabaki bila kuguswa, na kwenye kona kilikuwepo kiti cha plastiki cha Ayeeyo, alichokitumia tangu magoti yake yalipokataa mkeka. Hakijakaliwa tangu afe. Si kwamba kuna aliyekataza.

Kitabu nilikuwa nimekiweka dirishani, mahali pake pa zamani. Nilikusudia akione mwenyewe. Alikiona alipokuwa akinawa. Alisimama mikono ikidondosha maji.

"Kilikuwa wapi?"

"Sandukuni kwa Ayeeyo."

Alikaa, akala matonge mawili. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima na hotuba yenye mwanzo na mwisho. Niliyosema hayakuwa humo.

"Yusuf, siku ile kwa chifu, yule ofisa aliniuliza mimi kwanza. Nilimwambia hatujawahi kwenda Dadaab."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu dakika ile ile. Niliposimama tu akaniambia, dada yako anasema hamjawahi kukanyaga kule. Wewe unasemaje?"

Mama aliacha kula. Mimi nilimuuliza alisemaje, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Nikasema dada yangu hasemi uongo."

Alilisema hilo huku akitenganisha mfupa na nyama, kama mtu anayeeleza njia aliyopita kufika. Mama alimuuliza kwa nini, wakati Ayeeyo alimfundisha mara tatu. Yusuf akasema kulikuwa na wazee wanne pale, na yule wa kwetu akiwa amekaa katikati, anajua kila kitu, anamtazama. Angesema nini? Kwamba mjukuu wa Ayeeyo, mtoto wa miaka kumi, ni mwongo? Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na mzaha.

"Halafu nilijua umeyatoa wapi. Ni mimi niliyekusomea habari za yule msichana. Nilitoka pale nikiwaza, kitabu changu mwenyewe."

Kwa hiyo hayo ndiyo maneno yaliyokuwa hayalingani. Hayakuwa yake na yangu. Yetu yalilingana kabisa, neno kwa neno, na ni mashine iliyotukanusha sote wawili. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Sikujisikia. Kwa miaka kumi na mitatu nilidhani nilimsukuma akaanguka, na sasa naambiwa aliruka mwenyewe kunifuata. Sijui lipi ni zito zaidi, na tangu Ijumaa nimelipima hili mchana na jioni. Nafikiria pia kwamba labda hata angesema ukweli ingekuwa vile vile. Wapo waliosema ukweli siku ile wakasubiri kama yeye. Hakuna mtu wa kuniambia. Namfikiria Ayeeyo akikifunga kitabu ndani ya gauni lake na kukaa nacho, akijua siri yangu, labda akijua na yake Yusuf, akitulinda mmoja na mwenzake, naye hawezi kusoma hata ukurasa mmoja kujua kilichotutisha.

Mama alimimina chai. Yusuf akafuta mikono akakichukua kitabu, akakifungua pale pale alipokunja pembe ya ukurasa akiwa kijana. Mkunjo ulikuwa bado umesimama. Alikitazama kidogo, akakifunga, akanipa.

"Na yule mkaguzi aliishia wapi?"

"Sijui."

"Miaka minne chuo kikuu hujui?"

"Nilisoma mihtasari."

Ndipo alipocheka, kicheko kile cha barazani nilichodhani nacho kiliungua, na mama akacheka kwa kuwa Yusuf anacheka. Yusuf akainuka akiushika mgongo wake, mgongo wa dereva, akakivuta kiti cha Ayeeyo kutoka kwenye kona na kukikalia kwa uzito wake wote. Plastiki ikalia. Hakuna lililotokea.

"Soma basi, abaayo," akasema, yaani dada.

Nikafungua kwenye mkunjo, nikaanza kusoma na kufasiri kama alivyokuwa akifanya yeye. Lango lilikuwa wazi, na nje watu walikuwa wakipita kutoka msikitini. Nilifika mahali mkaguzi anapoletwa kuulizwa maswali, na nilipozisikia nyayo karibu na lango nikajikuta nimeshusha sauti, nikinong'ona, macho yangu yakiwa mlangoni.

"Pandisha sauti, abaayo," Yusuf akasema. "Mama hasikii."

Nikaisoma tena sentensi ile ile, kwa sauti.